Punguzo, Mauzo na Faida: Muuzaji Mdogo wa Mtandaoni Afanyeje Uchumi Unapodorora?

Kila uchumi unapoyumba, wauzaji wadogo wa mtandaoni hupewa mashauri mawili yanayogongana. Kuna wanaowaambia washushe bei kwa sababu wateja hawana fedha, na kuna wanaowaambia waongeze matangazo kwa sababu wateja wapo ila hawajawaona. Mashauri yote mawili hutolewa kwa uhakika mkubwa, na muuzaji mwenye simu moja, mzigo unaojaza chumba na mtaji mdogo huyajaribu kwa pamoja. Mwezi unapoisha hujikuta ameuza vipande vingi kuliko zamani, lakini hana fedha ya kununulia mzigo mpya. Chanzo cha hali hiyo mara nyingi ni kuchanganya mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kawaida hutajwa kana kwamba ni kitu kimoja: mauzo, faida na fedha iliyopo mkononi.

Mauzo ni jumla ya fedha ambazo wateja wamelipa kabla ya kuondoa chochote. Faida ghafi, kwa maana itakayotumika hapa, ni kinachosalia katika kila kipande baada ya kuondoa gharama zinazoambatana na kipande hicho chenyewe, yaani bei ya kukinunua au kukitengeneza, vifungashio, ada ya jukwaa (tovuti au programu anayouzia), makato ya malipo, na usafirishaji iwapo muuzaji ndiye anayeugharimia. Wahasibu huigawanya kwa namna zaidi ya moja, lakini kwa biashara ndogo maana hiyo inatosha. Gharama za kudumu, kama vile intaneti, pango la stoo na mshahara wa msaidizi, zipo hata siku ambayo hakuna aliyenunua, nazo hulipwa kutoka kwenye faida ghafi. Fedha iliyopo mkononi ni ile inayoweza kutumika leo. Mteja anaweza kuwa amekwisha kulipa, na faida ikawa imekwisha kuandikwa, huku jukwaa likiendelea kuyashikilia malipo kwa siku kadhaa.

Uchumi dhaifu nao una sura zaidi ya moja. Mdororo ni hali ambapo uzalishaji, ajira na matumizi hushuka kwa pamoja katika sekta nyingi. Wengi wamezoea kusema kwamba uchumi umedorora pale pato la taifa linaposhuka kwa robo mbili za mwaka mfululizo, lakini hicho ni kipimo cha kukadiria tu. Nchini Marekani, kwa mfano, kamati ya wachumi ya taasisi ya utafiti wa uchumi iitwayo National Bureau of Economic Research ndiyo inayotamka mdororo umeanza na kuisha lini, na mdororo wa mwaka 2020 iliuhesabu kuwa ulidumu miezi miwili tu, kuanzia Februari hadi Aprili. Mfumuko wa bei ni jambo tofauti: bei za vitu vingi hupanda, na kipato kile kile kikanunua vitu vichache. Mambo haya mawili yanaweza kuja pamoja au kila moja kwa wakati wake, na kwa muuzaji tofauti yake ni kubwa. Ajira zinapopungua, mteja huogopa kutumia hata fedha aliyonayo. Bei zinapopanda, mteja hubanwa, lakini na muuzaji mwenyewe hubanwa kwa sababu mzigo wake ujao utamgharimu zaidi. Shauri la kushusha bei ambalo huenda likavumilika katika hali ya kwanza laweza kumfilisi katika hali ya pili.

Mteja hupunguza nini?

Kauli kwamba wateja hawana fedha ni nusu ya ukweli. Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel, akichunguza bajeti za familia za wafanyakazi wa Ubelgiji, alionyesha kwamba kadiri kaya inavyokuwa maskini ndivyo sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake inavyokwenda kwenye chakula. Maana yake kwa muuzaji wa leo ni kwamba kipato kikishuka kidogo, kile kinachobaki baada ya chakula, kodi ya nyumba na nauli hushuka sana, na hicho kinachobaki ndicho ambacho wauzaji wengi wa mtandaoni hukigombania.

Hata hivyo, matumizi hayo hayakatwi kwa kisu kimoja. Vitu vya kudumu na vya gharama kubwa huahirishwa kwanza, kwa kuwa simu ya zamani na kabati la zamani vinaweza kuvumiliwa mwaka mwingine. Vitu vinavyokwisha kwa matumizi huendelea kununuliwa, ila mteja hushuka daraja na kuchukua aina ya bei nafuu au kipimo kidogo. Vipuri, vifaa vya kushonea na kila kinachorefusha maisha ya kitu cha zamani huweza hata kupata wateja wapya. Muuzaji mwenye bidhaa ishirini anapaswa kuzitazama moja moja na kujiuliza ni zipi mteja anaweza kuziahirisha na zipi hawezi, badala ya kulipachika duka zima bango la punguzo.

Kuna dhana maarufu inayoambatana na jambo hili, kwamba katika nyakati ngumu watu hununua anasa ndogo ndogo za kujiliwaza. Ilienezwa na Leonard Lauder wa kampuni ya vipodozi ya Estée Lauder, ambaye wakati wa mdororo wa 2001 alisema mauzo ya rangi za midomo yamepanda. Ni dhana inayovutia, na inawezekana ina chembe ya ukweli, lakini haijathibitika kila uchumi uliposhuka. Mwaka 2020, watu walipokuwa wakivaa barakoa, rangi za midomo ziliuzwa kidogo. Sioni busara ya mtu kuagiza mzigo mzima kwa kuitegemea.

Jambo linalobadilika kwa uhakika zaidi ni hofu. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky, katika kazi yao ya mwaka 1979, walieleza kwamba maumivu ya kupoteza kitu humgusa mtu kwa nguvu zaidi kuliko furaha ya kupata kitu chenye thamani ile ile. Mtu mwenye akiba akinunua viatu visivyomtosha hukasirika, kisha husahau. Asiye na akiba hawezi kukosea mara mbili, na kwa hiyo huanza kuogopa hata kukosea mara moja. Hapo ndipo biashara ya mtandaoni inapobanwa kuliko ya dukani, kwa kuwa mteja hawezi kukishika kitu, kukipima wala kumtazama muuzaji usoni. Bei ikishuka, hofu hiyo haiondoki. Wakati mwingine huongezeka, kwa kuwa bei ya kutupwa humfanya mnunuzi ajiulize kuna kasoro gani.

Hesabu ya punguzo

Chukua bidhaa inayouzwa kwa 100 ya fedha yoyote ile. Kuinunua kunamgharimu muuzaji 48, na kuifunga, kuilipia ada na kuisafirisha kunamgharimu 12. Faida ghafi ni 40. Akiuza vipande 50 kwa mwezi anapata 2,000 za kulipia gharama za kudumu na kujilipa mwenyewe.

Sasa mauzo yamelegea na anatangaza punguzo la asilimia 20. Bei inakuwa 80, lakini gharama zinabaki karibu pale pale kwenye 60, kwa hiyo faida ghafi inashuka kutoka 40 hadi 20. Bei imepungua kwa moja ya tano, faida imepungua kwa nusu. Ili apate zile 2,000 inambidi auze vipande 100. Akienda asilimia 30, kila kipande kinamwachia 10 na anahitaji kuuza vipande 200, yaani mara nne ya kazi ya kufunga, kujibu ujumbe na kupokea malalamiko, kwa fedha ile ile. Mauzo kwenye ripoti ya jukwaa yatapendeza sana, kwa sababu ripoti hiyo huhesabu kilicholipwa na haijui mzigo ulinunuliwa kwa kiasi gani.

Upande wa pili wa hesabu hii husahaulika. Akipandisha bei kwa asilimia 5 tu, kila kipande kinamwachia 45, na hata wateja watano kati ya hamsini wakimkimbia bado atapata 2,025. Kupandisha bei katika uchumi dhaifu kunasikika kama wazimu, na kwa bidhaa inayopatikana kwa wauzaji mia moja kwa picha ile ile ni wazimu kweli, maana mnunuzi hulinganisha bei kwa sekunde chache. Lakini kwa bidhaa ambayo muuzaji ameitengeneza mwenyewe, ameirekebisha, au anaifahamu kuliko wengine, ongezeko dogo ni salama kuliko punguzo kubwa.

Kati ya njia hizo mbili iko ya tatu, ambayo ni kumpa punguzo anayenunua zaidi. Tuseme mteja akichukua vipande viwili vinafungwa pamoja na kusafirishwa kwa 12 ile ile. Muuzaji akimpunguzia asilimia 10, analipwa 180, anatoa 96 za bidhaa na 12 za kufunga na kusafirisha, na anabaki na 72. Hapa punguzo limelipwa kwa sehemu kubwa na safari moja ya mzigo iliyookolewa. Njia hii haifai kwa kila kitu, kwani hakuna anayehitaji mashine mbili za kushonea, lakini inafaa kwa vitu vinavyokwisha na vinavyotumika pamoja.

Wanapopotelea wateja

Mauzo ya mtandaoni hujengwa na namba nne zinazozidishana: watu wangapi wameingia dukani, wangapi kati yao wamenunua, kila mmoja amenunua kwa kiasi gani, na amerudi mara ngapi. Wengi huifukuzia ya kwanza kwa sababu ndiyo inayoonekana. Lakini kuleta watu katika duka ambalo halimalizii mauzo ni kuchota maji kwa pakacha, na maji yenyewe hulipiwa.

Tumfuate mnunuzi mmoja. Ameona picha ya mkoba, ameipenda, ameingia. Picha ni nne, zote za upande wa mbele. Anataka kujua kama daftari kubwa litaingia, lakini maelezo yanasema tu kwamba mkoba ni wa kisasa na wa kuvutia. Anauliza kwa ujumbe, na jibu linakuja baada ya saa sita: "Karibu inbox." Ikiwa bado ana moyo, anabonyeza kununua, anatakiwa kwanza kufungua akaunti, anajaza jina na anwani, na kwenye ukurasa wa mwisho kabisa anakuta gharama ya usafirishaji ambayo haikutajwa popote. Anaifunga simu. Muuzaji, akitazama takwimu zake, ataona mtu aliyefika hadi kwenye malipo akaondoka, naye atahitimisha kwamba bei ni kubwa.

Baymard Institute, taasisi ya Denmark inayochunguza maduka ya mtandaoni, imekusanya tafiti nyingi na kupata wastani kwamba takriban asilimia 70 ya vikapu vinavyojazwa mtandaoni huachwa bila kulipiwa. Namba hiyo haipaswi kumtisha mtu kupita kiasi, kwa kuwa wengi walikuwa wanatazama tu, kama watu wanavyopita sokoni. Ila miongoni mwa waliokuwa na nia ya kununua, sababu inayotajwa kuliko nyingine ni gharama za ziada zinazojitokeza mwishoni. Mteja aliyeambiwa mapema kwamba jumla ni 110 anaweza kulipa 110. Aliyeahidiwa 100 na kukuta 110 huona ametegwa, ingawa fedha ni ile ile.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza katika msimu mgumu ni ya bei rahisi na ya kuchosha: kupima kila bidhaa kwa rula na kuandika vipimo, kupiga picha ya ndani, ya mshono na ya kasoro kama ipo, kuweka kitu kinachojulikana kando yake ili ukubwa ueleweke, na kuandika gharama ya usafirishaji na siku za kufika karibu na bei. Maswali ambayo wateja huyauliza mara kwa mara kwenye ujumbe yaingizwe katika maelezo ya bidhaa, maana kwa kila aliyeuliza kuna wengine walioondoka kimya.

Utaratibu wa kurudisha bidhaa unastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu wauzaji wadogo huuogopa. Kusema "kikishauzwa hakirudishwi" kunaonekana kulinda mtaji, lakini kunamwachia mnunuzi hofu yote abebe peke yake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya mnunuzi wa mtandaoni ana haki ya kisheria ya kughairi ndani ya siku 14 kwa bidhaa nyingi, na biashara hazijafungwa kwa ajili hiyo. Mahali ambapo sheria haimlazimishi, muuzaji anaweza kuanza na ahadi ndogo iliyo wazi: kubadilisha saizi mara moja, au kurudisha fedha iwapo kilichofika hakifanani na picha. Ahadi hiyo ina gharama, na lazima iingizwe katika ile 12 ya kila kipande. Anayeahidi bila kuihesabu atajuta.

Baadhi ya wauzaji hujaribu kuununua uaminifu kwa njia ya mkato, kwa kujiandikia sifa au kuwalipa watu waandike. Mbali na kuwa ni udanganyifu, njia hiyo imeanza kufungwa na sheria. Nchini Marekani kanuni ya tume ya biashara, iliyoanza kutumika Oktoba 2024, inakataza kuuza na kununua tathmini za uongo. Punguzo la kubuni, ambapo bei hupandishwa kwanza ili ionekane imeshushwa, nalo limebanwa: katika Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2022, anayetangaza punguzo hutakiwa kuonyesha bei ya chini kabisa aliyoitoza katika siku 30 zilizotangulia. Hata pasipo sheria hizo, mnunuzi mwenye fedha chache huzifuatilia bei kwa wiki kadhaa kabla ya kununua, na ataujua mchezo.

Matangazo ya kulipia

Imani nyingine iliyoenea ni kwamba ukilipa zaidi, jukwaa litakuletea wateja zaidi kwa uwiano ule ule. Nafasi za matangazo kwenye mitambo ya kutafutia na mitandao ya kijamii huuzwa kwa mnada unaofanyika kila mara tangazo linapotaka kuonyeshwa. Mshindi si lazima awe aliyetaja fedha nyingi zaidi, kwa kuwa mfumo hukadiria pia kama mtazamaji atavutiwa na tangazo hilo. Tangazo zuri linalompeleka mtu kwenye ukurasa unaoeleweka laweza kulipiwa kidogo kuliko baya. Aidha, makampuni makubwa yakipunguza bajeti zao wakati wa misukosuko, kama ilivyotokea miezi ya mwanzo ya janga la mwaka 2020, ushindani hupungua na bei za mnada huweza kushuka. Ndiyo maana shauri la kutangaza wakati wa uchumi mbaya si la kipuuzi. Kasoro yake ni kwamba hutolewa bila hesabu.

Turudi kwenye bidhaa yetu yenye faida ghafi ya 40. Muuzaji amelipa 600 na kupata watembeleaji 1,000, na wawili katika kila mia wamenunua. Amepata wateja 20 na faida ghafi ya 800, akitoa 600 za tangazo anabaki na 200. Akirekebisha picha, vipimo na gharama ya usafirishaji hadi watatu katika kila mia wanunue, anapata wateja 30 na faida ghafi ya 1,200, na anabaki na 600 kwa fedha ile ile ya tangazo. Kilichobaki kimekuwa mara tatu bila bei kuguswa. Lakini mtu huyo huyo, kabla ya marekebisho, akiamua kuunganisha tangazo na lile punguzo la asilimia 20, kila mteja anamgharimu 30 kumpata na anamwachia 20. Kila anayenunua anamwongezea hasara ya 10, na kadiri tangazo linavyofanikiwa ndivyo anavyokula mtaji wake haraka.

Mteja aliyekwisha kununua hahitaji kulipiwa mnada. Muuzaji anayetunza orodha ya wateja walioridhia kutumiwa ujumbe, akajua nani alinunua nini na lini, anaweza kumkumbusha aliyenunua kitu kinachokwisha pale kinapokaribia kwisha. Ujumbe mmoja wa wakati wake hufaa kuliko kumi za salamu na matangazo, ambazo mwisho wake ni namba kuzuiwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la wateja ni sehemu ya mali hiyo.

Mzigo uliolala na fedha iliyofungwa

Pamoja na yote yaliyosemwa dhidi ya punguzo, ipo hali moja ambamo punguzo kubwa ni sahihi kabisa, nayo ni mzigo uliolala. Bidhaa iliyokaa stoo miezi minane imefunga mtaji ambao ungeweza kununua kitu kinachotoka. Wauzaji wengi hugoma kuishusha chini ya bei waliyoinunulia, ilhali fedha hiyo ilikwisha kutoka na haitarudi kwa kugoma. Swali la maana ni kama fedha itakayopatikana leo, baada ya kuondoa gharama ya kufunga na kusafirisha, itazaa zaidi katika bidhaa nyingine. Kama itazaa, na iuzwe, ila kwa kutajwa wazi kwamba ni mzigo wa kumalizia, ili wateja wasianze kusubiri punguzo kwa bidhaa zinazotoka zenyewe.

Mfumuko wa bei hugeuza hesabu hiyo upande wa pili. Ikiwa bidhaa iliyonunuliwa kwa 48 sasa inapatikana kwa 56, anayeendelea kuiuza kwa 100 hana tena faida ya 40 hata kama mzigo wa zamani haujaisha, kwa sababu kujaza rafu upya kutamla 8 zaidi kwa kila kipande. Bei ipangwe kwa kutazama gharama ya mzigo ujao. Anayeitazama gharama ya mzigo uliopita hugundua kosa siku ya kuagiza, akiwa amekwisha kuitumia faida isiyokuwepo.

Kisha kuna suala la siku. Tuseme msambazaji anataka alipwe kabla, mzigo unachukua siku 20 kufika, unakaa siku 25 kabla ya kuuzwa, na jukwaa linatoa malipo baada ya siku 10. Fedha iliyotoka leo inarudi baada ya siku 55. Biashara hiyo ikipata wateja wengi ghafla inaweza kukwama kwa mafanikio yake yenyewe, kwani kila agizo jipya linadai fedha kabla ya lile la zamani kulipa. Kuagiza kidogo kidogo mara nyingi, hata kwa bei ya juu kidogo kwa kipande, huweza kuwa nafuu kuliko kuagiza kingi kwa bei ya jumla. Na anayefikiria kukopa ili kujaza stoo alinganishe tarehe ya rejesho la kwanza na ile siku ya 55. Kama rejesho linadaiwa siku ya 30, atalilipa kutoka mfuko mwingine, na afadhali aujue mfuko huo ni upi kabla hajatia saini.